Pawa saplai ya kompyuta ya bajeti: ya kwenye kasha, ya Dell iliyotumika, Bronze mpya au Gold?

Mtu akiunga kompyuta ya mezani kwa pesa ya kubana, pawa saplai ndiyo inayopunguziwa bajeti kwanza. Prosesa ina jina, kadi ya grafiki ina jina, RAM ina gigabaiti za kutajia wenzako. Pawa saplai ni boksi la chuma lenye feni, linalogeuza umeme wa ukutani uwe wa kulisha kompyuta, na muuzaji ameshasema "hii wati 600, inabeba kila kitu." Basi inachukuliwa iliyo rahisi kuliko zote, na pesa iliyookolewa inaongezwa kwenye kadi.

Napinga mpango huo, na naweka msimamo wangu mezani mapema. Kwa mashine nyingi za bajeti, pawa saplai mpya ya wati 450 hadi 550, yenye cheti cha 80 Plus (kipimo cha umeme usiopotea) cha daraja la kawaida au Bronze, inayopokea umeme kuanzia volti 100 hadi 240, ni bora kuliko boksi la "wati 650" lisilojulikana lilikotoka. Ni bora pia kuliko Gold, daraja la juu kuliko Bronze, ukihesabu kinachobaki mfukoni. Zipo hali mbili ambazo ningeshauri vingine, nitazifikia.

Kwanza: mashine yako inakula wati ngapi?

Watu wengi wanadhani kompyuta ya gemu inahitaji wati 700. Takwimu za watengenezaji wenyewe zinaonyesha vingine. Nimechukua mashine nne ambazo mtu wa bajeti anaweza kuziunga leo, mpya au nusu mpya, na kuweka kiwango cha juu ambacho prosesa na kadi huruhusiwa kula. Mazabodi (bodi kuu), RAM, SSD na feni nimezikadiria kwa pamoja, tena kwa ukarimu.

| Mashine | Prosesa | Kadi | Vingine | Jumla | Pawa saplai ya kweli ya kununua |
|---|---|---|---|---|---|
| Ryzen 5 5600G, bila kadi | 88 | – | 45 | wati 133 | wati 300–400 |
| Core i3-12100F na GTX 1650 | 89 | 75 | 45 | wati 209 | wati 400–450 |
| Ryzen 5 5600 na RX 6600 | 76 | 132 | 50 | wati 258 | wati 450–500 |
| Core i5-12400F na RTX 3060 | 117 | 170 | 50 | wati 337 | wati 550 |

Safu wima ya mwisho, ya pawa saplai ya kununua, imezidi jumla kwa kiasi kikubwa, na sababu zake ni tatu. Kadi ya grafiki haili umeme kwa utulivu: kwa milisekunde chache inaweza kuruka juu sana ya kiwango chake kisha ikashuka, na pawa saplai lazima imeze mruko huo bila kuzima. Pili, pawa saplai hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa katikati ya uwezo wake, feni haipigi kelele na joto ni dogo. Tatu ni kesho. Anayeanza na GTX 1650 leo, mwakani atataka RX 6600.

AMD wenyewe wanapendekeza wati 450 kwa RX 6600, na Nvidia wanapendekeza 550 kwa RTX 3060. Nvidia wanataja 550 hata kwa RTX 4060, kadi inayokula wati 115 tu. Kampuni hizo hazijui utanunua pawa saplai gani wala utaiweka na prosesa gani, kwa hiyo zinajiwekea akiba ya kutosha. Ukiwa na pawa saplai ya kuaminika, namba hizo ni za kutosha kabisa, huna haja ya kuziongezea tena.

Namba kubwa ya kwenye boksi na namba ndogo ya kwenye lebo

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Pawa saplai hutoa umeme wa volti tofauti: 12, 5 na 3.3. Kompyuta za miaka ya tisini zilikuwa zinalisha prosesa kwa volti 5. Mwaka 2000, pamoja na Pentium 4, ikaja plagi ndogo ya pini 4 inayolisha prosesa kwa volti 12, na tangu hapo mzigo wote mkubwa umehamia huko. Leo prosesa inakula kwenye volti 12, kadi ya grafiki vivyo hivyo. Volti 5 na 3.3 zimebaki na SSD, USB na vitu vidogo vidogo.

Kwa hiyo geuza pawa saplai ubavu, tafuta lebo yenye jedwali, angalia safu ya +12V ina ampea ngapi. Zidisha ampea hizo kwa 12. Jibu lako ndilo wati unazonunua kweli.

Corsair CX450, kwa mfano, inaandika ampea 37.4 kwenye volti 12. Mara 12 ni wati 449 hivi, karibu sawa kabisa na 450 ya kwenye boksi. Huo ndio ukweli unaoutafuta. Sasa chukua boksi la rangi ya kijivu lililoandikwa "500W" kwa herufi kubwa, lebo yake ikasema +12V ni ampea 18. Mara 12 ni wati 216. Ukiiwekea Ryzen 5 5600 na RX 6600, zinazotaka wati 208 kwa pamoja kabla ya mruko wowote, umeifikisha ukingoni siku ya kwanza. Wati nyingine zilizotajwa kwenye boksi zimelundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya sasa haizihitaji, au hazipo kabisa.

Ukikuta lebo isiyotaja ampea za +12V, irudishe rafuni. Sihitaji kujua kitu kingine juu yake.

Angalia na plagi zenyewe. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 na kuendelea huwa na plagi ya prosesa ya pini 8 inayogawanyika nne kwa nne, na angalau plagi moja ya kadi ya pini 6+2. Kwa kanuni, plagi ya pini 6 hupitisha wati 75, ya pini 8 wati 150, na tundu la mazabodi lenyewe hutoa hadi wati 75. Pawa saplai inayojiita 600 huku haina hata plagi moja ya kadi ya grafiki imeshajieleza yenyewe.

Muuzaji atakuambia, "Hakuna shida, tutaweka kiunganishi," akitoa kile kiwaya kinachochukua umeme wa plagi ya SATA na kuupeleka kwenye kadi. Kikatae. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kiwaya hicho kinaahidi wati 75 au 150 mbele huku nyuma kuna 54. Plastiki huyeyuka, na wakati mwingine haiishii kwenye plastiki.

Ya kwanza: iliyokuja na kasha

Makasha mengi ya bei ya chini yanauzwa na pawa saplai ndani yake. Kwa kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki, mashine ya kuandikia barua na kutazamia mahesabu inayokula wati 60 au 80, mara nyingi itafanya kazi miaka kadhaa. Sisemi uongo, nimeziona zikifanya kazi.

Tatizo lake ni kwamba hujui mwisho wake uko wapi. Ndani ya pawa saplai nzuri kuna ulinzi wa aina nyingi: volti ikipanda sana inazima, ikishuka sana inazima, mzigo ukizidi inazima, ikipata shoti au joto kali inazima. Kwenye boksi la kutupia ndani ya kasha, sehemu kubwa ya ulinzi huo haipo. Likizidiwa halizimi kistaarabu. Linaungua, na likiungua linaweza kurusha volti mbaya kwenye mazabodi na kadi. Ndiyo maana nasema kuokoa pesa hapa ni kuweka rehani kadi uliyoihangaikia miezi mingi.

Halafu kuna swichi nyekundu ya nyuma, yenye 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Bado ipo kwenye nyingi za aina hii. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya na Uganda 240. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka ukutani, kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme ndani yake, hupasuka kwa mlio na moshi papo hapo. Kabla hujachomeka kifaa chochote chenye swichi hiyo, iangalie kwa macho yako mwenyewe, hata kama fundi amesema ameshaiangalia.

Uamuzi wangu: kwa ofisi, sawa, ukijua unachofanya. Kwa mashine yoyote yenye kadi ya grafiki, nunua kasha tupu.

Ya pili: ya Dell au HP iliyotumika

Hii ndiyo hali ya kwanza ambayo ningeshauri vingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi kuizungumzia kwa sababu inawasaidia watu wengi. Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi na kwingineko kumejaa mashine za ofisi zilizotumika Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Pawa saplai zake zinaonekana ndogo sana kwenye lebo. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile ya kasha refu, ina wati 275. Ile nyembamba ina 240. OptiPlex 9020 ndefu ina 290. EliteDesk 800 G1 ndefu ina 320, nyembamba 240. Mtu akiona "275" anacheka, anakwenda kutafuta "600".

Lakini wati 275 za Dell ni 275 za kweli. Kampuni hizo zinauza maelfu ya mashine kwa mabenki na serikali, haziwezi kuweka boksi linaloungua. Zina ulinzi na kapasita nzuri, na zimepimwa kwa mzigo wa kudumu mchana kutwa. Chukua OptiPlex 7010 ndefu yenye Core i5-3470 ya wati 77, weka GTX 1650 ya wati 75 ambayo haina plagi ya ziada, ongeza wati 40 za vingine. Jumla ni 192. Unabaki na nafasi ya zaidi ya wati 80 bila kununua pawa saplai yoyote. Kwa kijana anayetaka kuanza kucheza gemu au kujifunza kuhariri video kwa pesa ndogo, sijui njia nyingine inayokaribia hii.

Kwenye zile nyembamba za wati 240, chagua kadi fupi ya nusu kimo. Ipo RX 6400 inayokula wati 53 tu, lakini ijue kasoro yake: inatumia njia nne tu za PCIe, yaani za kuwasiliana na mazabodi, na kwenye mazabodi za zamani inapoteza kasi inayoonekana. GTX 1650 ya nusu kimo ni salama zaidi huko. Hakikisha pia toleo unalonunua halina plagi ya pini 6, maana zipo GTX 1650 zenye plagi hiyo, na Dell yako haina waya wake.

Mipaka ipo. OptiPlex 7010 ndefu ina plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo siku moja unaweza kuibadilishia pawa saplai ya kawaida. OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, na EliteDesk 800 G1 ina plagi za HP wenyewe. Kubadilisha kunahitaji kiunganishi maalumu, na kwenye makasha mengine hata umbo la boksi la kawaida halienei. Boksi la ATX, yaani kanuni ya kawaida ya pawa saplai za mezani, lina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, kubwa kuliko nafasi iliyoachwa ndani ya mashine nyembamba. Ukiwa na ndoto ya RTX 3060, usianzie kwenye 9020.

Na umri. Kapasita huchoka kwa joto. Kwa kadirio la mafundi, kila nyuzi kumi za ziada hupunguza maisha yake kwa nusu. Mashine ya 2012 iliyoishi kwenye ofisi yenye kiyoyozi Uingereza bado ina maisha. Ikifika Dar es Salaam au Mombasa, ikawekwa chini ya meza penye vumbi na hewa ya chumvi, saa yake inaanza kukimbia. Puliza vumbi mara tu ukiinunua, kisha kila baada ya miezi michache.

Ya tatu: mpya ya wati 450–550, 80 Plus au Bronze

Mpango wa 80 Plus ulianza mwaka 2004. Unapima hasa kitu kimoja: kati ya umeme unaotoka ukutani, ni sehemu gani inafika kwenye kompyuta na ni sehemu gani inapotea kama joto. Kwa kiwango cha umeme wa volti 230 cha Ulaya, kinachofanana na wetu, Bronze lazima ifikishe asilimia 88 ikiwa nusu ya mzigo, Gold asilimia 92.

Cheti hicho hakipimi usalama. Mwaka 2021 Gigabyte walilazimika kushusha kikomo cha ulinzi wa mzigo kwenye pawa saplai zao za GP-P750GM na GP-P850GM, kutoka asilimia 120–150 hadi 110–120, na kubadilishia wateja, baada ya wapimaji kuzichoma moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na cheti cha Gold. Kwa hiyo soma vipimo vya modeli yenyewe, usitosheke na rangi ya beji. Modeli zilizopita kipimo cha 80 Plus zimeorodheshwa wazi mtandaoni; ikiwa yako ina beji lakini haimo kwenye orodha, beji hiyo ni stika tu.

Hata hivyo kwa vitendo, cheti hiki kinachuja takataka nyingi. Boksi la wati 216 linalojiita 500 haliwezi kupita kipimo cha mzigo kamili wa wati 500. Ndiyo faida kubwa ya Bronze kwa mtu wa bajeti: inathibitisha wati zipo. Modeli za Corsair CX, Cooler Master MWE Bronze au MSI MAG za wati 550 zinabeba mashine zote nne za jedwali langu. Waranti zake pia ni za miaka, si za "siku saba ukirudi na risiti".

Ya nne: Gold ya wati 650 au zaidi

Ni nzuri, sina la kusema vibaya. Ni kimya, waya usizozihitaji mara nyingi unaweza kuzichomoa, na kapasita zake kwa kawaida ni za daraja la juu. Hoja inayotumiwa kuiuzia kwa watu wa bajeti ndiyo inayonisumbua: kwamba "itajilipa yenyewe kwenye umeme". Tupige hesabu.

Tuseme kompyuta yako inatumia wati 200 ukicheza, saa tano kila siku. Kwa Bronze ya asilimia 88 unavuta wati 227 ukutani. Kwa Gold ya asilimia 92 unavuta 217. Tofauti ni wati 10. Kwa mwaka mzima ni takribani uniti 18. Kwa LUKU ya T1, yaani bei ya kawaida ya umeme wa nyumbani Tanzania, elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo unaokoa chini ya shilingi elfu saba kwa mwaka. Linganisha na tofauti ya bei dukani, utaona inahitaji miaka mingapi.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa boksi bovu la asilimia 70. Linavuta wati 286. Dhidi ya Bronze ni tofauti ya wati 59, zaidi ya uniti 106 kwa mwaka, kama shilingi elfu thelathini na nane. Na wati 86 zinageuka joto ndani ya kasha lako kila unapocheza, karibu na hizo kapasita. Hatua inayolipa ni ile ya kutoka kwenye boksi bovu kwenda Bronze. Ya kutoka Bronze kwenda Gold ni starehe halali ya mwenye pesa, au ya mwenye mashine inayowaka saa 24.

Umeme wetu wenyewe

Ulinganisho mwingi unaosomwa mtandaoni umeandikwa na watu ambao volti zao hazitikisiki. Sisi tuna umeme mdogo jioni, umeme unaorukaruka mvua ikinyesha, na kukatika. Kwangu hili lina uzito kuliko Gold.

Soma lebo sehemu ya AC, yaani umeme unaoingia. Pawa saplai yenye saketi ya kisasa ya kurekebisha umeme unaoingia, inayoitwa Active PFC, kwa kawaida huandikwa 100–240V na haina swichi nyekundu. Volti zikishuka jioni hadi 170, kwake bado ni katikati ya uwanja. Inaendelea kama kawaida. Lakini zipo modeli za bei ya chini, hata za majina makubwa, zilizotengenezwa kwa masoko ya volti 230 na kuandikwa 200–240V. Boksi linafanana, bei ni ndogo kidogo, na tofauti hiyo iko kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo. Anayeishi mwisho wa laini, mbali na transfoma, ambako taa zinafifia saa mbili usiku, asinunue ya 200–240V. Itakuwa inazima katikati ya kazi na mtu atalaumu kadi, RAM, Windows, kila kitu isipokuwa mhusika.

Hii ndiyo hali yangu ya pili: kama uko sehemu ya namna hiyo na dukani kumebaki Bronze ya 200–240V au Gold ya 100–240V, lipia Gold. Unachokilipia hapo ni upana wa volti.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika, nayo ina lake. UPS za kawaida za nyumbani huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Katika mwanya huo kompyuta inaishi kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita kubwa za pawa saplai. Miongozo ya ATX kwa miaka mingi ilitaka zihimili angalau milisekunde 16. Maboksi duni yanapunguza kapasita hizo kwa sababu ni ghali, na matokeo yake ni kitu nilichokiona kwa watu wengi: UPS ipo, betri ni nzima, umeme ukikatika kompyuta inajiwasha upya hata hivyo. Wananunua UPS nyingine, na tatizo linabaki palepale.

Upande wa pili, UPS za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai zenye Active PFC huukataa na kuzima. Ukinunua vyote viwili siku moja, omba vijaribiwe pamoja dukani: washa kompyuta, chomoa UPS ukutani, uone. Kumbuka pia VA si wati. UPS iliyoandikwa 650VA mara nyingi hutoa chini ya wati 400, inatosha kwa mashine ya tatu ya jedwali pamoja na kioo, lakini kwa ya nne inakuwa ya kubana.

Wale wanaotegemea "fridge guard" waelewe kazi yake: inakata umeme ukipita kiasi juu au chini, haipandishi volti. Kinachopandisha ni stabilaiza.

Basi uchukue ipi?

Una OptiPlex au EliteDesk ndefu na unataka GTX 1650: baki na pawa saplai yake, pesa weka kwenye SSD. Unaunga mpya bila kadi, ukitegemea grafiki za ndani ya 5600G: Bronze ya 450 itakutosha na itakungoja siku ukipata kadi. Unataka RX 6600: Bronze ya 450 kama bajeti inalia, 550 kama tofauti ni ndogo, na mara nyingi ni ndogo. RTX 3060: 550, na usishuke hapo. Kadi za zamani zenye njaa kama RX 580, inayokula wati 185 na inayopatikana kwa bei ya kuvutia kwa sababu nyingi zilichimbia sarafu za mtandaoni, nazo zinataka 550, jambo linalopunguza urahisi wake ukijumlisha yote.

Kama pesa haitoshi kwa pawa saplai na kadi kwa pamoja, nunua pawa saplai nzuri kwanza na utumie grafiki za ndani ya prosesa mwezi mmoja au miwili, kama prosesa yako inazo, mfano 5600G. Ukianza na kadi nzuri juu ya boksi bovu, miezi hiyo miwili kadi yako iko hatarini kila unapobonyeza kitufe.

Ukishafunga, ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, tafuta ukurasa unaoonyesha volti. Kanuni ya ATX inaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo +12V inapaswa kuwa kati ya 11.4 na 12.6. Kisha fungua gemu nzito kwa nusu saa huku programu kama HWiNFO ikionyesha namba hiyo. Vipimo vya mazabodi si sahihi kama vya mita ya fundi, hivyo ikishuka chini ya 11.4 mpelekee fundi apime kwa mita kwenye plagi yenyewe, mashine ikiwa kwenye mzigo. Mita nayo ikionyesha chini ya 11.4, irudishe dukani siku hiyohiyo na risiti yako mkononi.